Bunduki Inayoona

Ezati alizileta kutoka Ariwara,
rimoti mbili nyeupe ndani ya gunia la chaja zilizokufa.
"Fundi, hizi za mchezo. Ukizitikisa zinasikia."
Nikaifungua moja. Puani, nyuma ya plastiki nyeusi,
kulikuwa na kijicho
kidogo kuliko punje ya ulezi.

Kumbe bunduki hii haitoi kitu.
Haina risasi, haina mwanga, haitemi moto.
Inatazama tu.
Inatafuta taa mbili juu ya kioo cha kompyuta,
taa ambazo jicho la mtu halizioni,
na kwa hizo mbili inajijua
iko wapi, imeinama vipi, inamlenga nani.

Taa zenyewe hatukuwa nazo.
Niling'oa vibalbu viwili kwenye rimoti za televisheni,
nikavibandika kwa gundi ya baiskeli.
Siku mbili, vikafa.
Ndipo Feta, mtoto wa Ezati, akawasha mishumaa miwili,
akaisimamisha juu ya vizibo vya soda,
kulia na kushoto ya laptopu,
na nukta nyekundu ikaruka kwenye kioo
kama kiroboto aliyeitwa jina lake.

Tukapima. Pembe ya juu kushoto, piga.
Juu kulia, piga. Chini, chini. Katikati.
Nukta ilitetemeka; nikaandika namba za kuituliza.
Zikizidi, ilijivuta kama mlevi anayerudi kwake.
Zikipungua, ilishikwa na homa.

Vijana wa Oli walitaka umbo.
"Huwezi kuua bata kwa kipande cha sabuni, fundi."
Asindu seremala akachonga: kitako, mtutu,
kifyatulio chenye springi ya kalamu.
Alichonga vizuri mno.
Candiru, anayekaanga mihogo mlangoni kwangu,
aliona kwanza kivuli chake ukutani,
na mafuta yakaungua.

"Hilo, si kwenye ua huu."

Hakupaza sauti. Lakini alisema kwa Kiswahili,
yeye anayenisemesha Kilugbara mwaka wa kumi na moja sasa;
alisema kwa lugha ya wale waliokuja usiku
kuuliza ndani mna nani.

Tukalikata. Mtutu ukawa kuni za mihogo yake.
Rimoti tukaifunga kwenye mpini wa jembe,
vijana wakacheka, kisha wakazoea,
shilingi mia mbili kwa bata ishirini.
Risasi zikiisha unalenga nje ya kioo,
ukutani, kwenye kalenda ya mwaka juzi,
nazo zinarudi zote sita.
Aliyebuni sheria hiyo simjui.
Ningependa kumsalimu.

Jumamosi umeme ukakatika.
Laptopu ilikuwa na robo ya betri, mishumaa inawaka,
Candiru akaingia na unga wa mihogo hadi viwikoni.
"Nipe."

Hakuuliza kitufe kiko wapi.
Aliegemeza mpini begani, akafumba jicho la kushoto,
akaiachia pumzi nusu, nusu akabaki nayo.
Bata wakapita. Nukta ikamfuata mmoja
kutoka matete hadi mawinguni,
haimwachi, haitetemeki,
na zile namba za kutuliza
nilikuwa nimezizima tangu asubuhi.

"Piga, mama," Feta akanong'ona.

Bata akavuka ukingo wa kioo, mzima.

Candiru akashusha mpini.
Akainamia mshumaa wa kulia, akaupuliza.
Nukta ikapotea: kwa taa moja
bunduki haijui iko wapi.
Akauchukua ukiwa bado unafuka,
akasema kwake pia umeme umekatika,
na bei yake niitoe
kwenye deni langu la mihogo.